Siku Mama Aliponitaja

Manka, binti wa jirani yetu wa zamani, alikuja juzi mchana na mfuko wa nailoni, ile mifuko ya zamani iliyokwisha kupigwa marufuku, na kabla hajakaa vizuri akaniambia mama yake amezikwa Moshi wiki mbili zilizopita. Hawakunipigia simu kwa sababu walisikia nimejifungua, na mzazi hapewi habari za msiba mpaka atulie. Akanisogezea ule mfuko. "Tumeikuta kwenye sanduku lake, katikati ya nguo za kanisani. Ameibandika karatasi, kaandika ya Siwangu." Nikafungua, na kabla macho hayajaona kitu pua ikawa imeshajua: vumbi la maharage makavu, vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende, na kile kiharufu cha wanga wa kanga isiyowahi kufuliwa. Ilikuwa nusu ya doti, nyekundu na nyeusi, ubavu mmoja umechanwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi. Maneno yake yameliwa na mikunjo hata hayasomeki. Niliiweka magotini, nikalia, Manka akalia, mtoto naye kitandani akaamka akalia.

Siwangu ni mimi. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye cheti changu cha kuzaliwa na kwenye kitambulisho, na kila dirisha la ofisi ninalosimama lazima mtu aniangalie mara ya pili. Jina la wapi hili, dada? Nikiwa na haraka nasema la Pwani. Nikiwa na hasira, na hasira ninazo, namwambia akamuulize aliyenipa. Kina Tabu, kina Shida, kina Mashaka na Sikujua wamejaa mji mzima na hakuna anayewasumbua. Siwangu mwenzangu nimekutana naye mmoja tu maishani, mzee wa Rufiji, kwenye foleni ya vitambulisho. Karani aliita jina, tukainuka wawili, watu wakacheka. Yule mzee akanisogelea akaniuliza polepole, "Wangapi kabla yako?" Nikamwambia watatu. Yeye akanionyesha vidole vinne. Tukapeana mikono, kila mtu akaenda na fomu yake.

Maana yake haina fumbo. Zamani kwetu, mwanamke akizaa mtoto akafa, akazaa wa pili akafa, wazee walisema kuna kitu kimeshaijua nyumba ile. Kwa hiyo anayefuata anakanwa. Analazwa kwenye ungo alfajiri, anapelekwa jalalani, na mama yake anaondoka bila kugeuka nyuma. Mwanamke wa kwanza kupita, asiye wa ukoo, anamwokota. Kisha anamuuzia mama yule yule aliyemzaa, kwa kitu kidogo tu, chumvi au kanga, na tangu hapo mtoto anahesabika ni wa kununuliwa. Hicho kitu kikija kutafuta, kinakuta nyumba haina mtoto wa kuzaliwa, kinapita. Jina nalo linasaidia kudanganya. Mama alikuwa ameshazika watatu, wote hawakufika arobaini, na mimi nilipozaliwa Bibi, mama yake Baba, alitoka Kisarawe na ungo wake kichwani.

Shida ni kwamba mambo haya yalitungwa vijijini, ambako kila mwanamke anayepita anajua cha kufanya. Sisi tulikuwa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, na aliyepita alfajiri ile alikuwa Mama Manka, Mchaga wa Kibosho, mama wa kanisa, anakwenda kufungua duka lake la jumla la maharage. Aliona mtoto mchanga juu ya maganda ya machungwa. Alinifunika kwa sweta lake, akaanza kukimbia kwenda polisi huku analia kwa Kichaga. Bibi, aliyekuwa amejificha nyuma ya mkokoteni, ikabidi amkimbize. "We mama, simama! Huyo ni wa kuuza, tuuzie!" Kusikia neno kuuza, Mama Manka akakaza mikono, akaongeza mwendo. Mpaka Baba alipopatikana na jirani mmoja akaeleza, jua lilikuwa limetoka na nusu ya wapagazi wa Kariakoo wamesimama wanatazama.

Alinirudisha. Lakini kanga aliikataa. "Kwetu mtoto hauzwi," alisema, "na mimi Mungu ananiona. Kaa na kanga yako." Wakamwomba siku ile, wakamwomba kesho yake, akakataa. Basi mambo yakabaki nusu. Bibi akasema mtoto hajakombolewa, bado ni wa yule aliyemwokota, na mlango huo ukishafungwa haufunguki tena mpaka jino la kwanza la utotoni ling'oke. Mpaka siku hiyo, Mama asije akathubutu kuniita wake.

Mama hakuthubutu. Hiyo ndiyo sehemu ya utoto wangu ninayoikumbuka kuliko zote. Alikuwa fundi cherehani, anashona foronya za maduka ya mtaani, na kiti chake kilikuwa barazani, mguu unakanyaga kutwa nzima. Wanawake wengine waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Tatu, Mama Abuu. Yeye ukimwita Mama Siwangu haitikii, anakazana na uzi, mpaka mtaa mzima ukazoea kumwita Zuhura Fundi. Mimi aliniita "we mtoto". Wageni wakiuliza huyu ni nani, anasema "mtoto wa humu ndani". Alinilisha, alinisuka, alinishonea magauni mazuri kuliko ya watoto wote wa mtaa ule, lakini neno mwanangu sikulisikia. Na akitaka kunishika, kunishika tu kichwani vile mama anavyomshika mtoto, kwanza aliinuka akafunga dirisha.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na Mama Manka, na yeye hakuwa na haya. Nikitumwa kununua maharage, alinikalisha juu ya gunia akawaambia wateja, "Mnamwona huyu? Huyu ni mtoto wangu. Nimemwokota mwenyewe, pale kwenye kona." Alinipa karanga, alinishika mashavu. Kila alipotoka Moshi aliniletea kitu, sweta la kusuka, soksi za sufu, nguo za mtu wa baridi, mimi mtoto wa Dar natokwa jasho mpaka kwenye kope. Nilimpenda, na nilimwogopa sana.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Kila mtoto mtukutu wa Kiswahili ameshaambiwa kaokotwa jalalani. Nyinyi mliambiwa, mkalia kidogo, mkasahau. Mimi nilionyeshwa jalala lenyewe, na aliyeniokota ninamsalimia kila siku, na mama yangu ukimuuliza hasemi kinyume. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza habari ya vile vitoto vitatu wala ya kukombolewa. Ilikuwa mwiko kunieleza. Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe: mimi ni wa Mama Manka, nimewekwa hapa kwa muda.

Mwaka ninaousimulia, jino langu la chini la mbele lilianza kucheza mwezi ule Wachaga wanapofunga maduka na kupanda Moshi. Nililigundua asubuhi nikinywa chai. Nililisukuma kwa ulimi, likainama, nikafurahi, maana Tatu, mtoto wa mpangaji wetu, alikuwa na mapengo mawili na anajidai nayo. Nilipanga kumwonyesha Mama jioni. Lakini mchana ule nilikuwa nimelala chumbani, na Mama na Bibi wanachambua mchele uani, chini ya dirisha.

"Jino likitoka tu, apelekwe kwa mwenyewe," Bibi alisema. "Miaka saba inatosha."

"Na Mama Manka je, akikataa?"

"Safari hii hakatai. Nimeshaongea naye, amelainika. Ila tuwahi kabla hajapanda Moshi. Mnunulie mtoto viatu, asiende vile vile kama chokoraa."

Nilisikia mchele unapigwa kwenye ungo. Kisha Mama akasema, "Mimi hata silali, mama, tangu umesema."

Nilielewa kwamba napelekwa. Nikabana meno, na nilipobana nikasikia lile jino linacheza. Hapo ndipo nilipopata akili yangu ya kitoto. Jino lisipotoka, hakuna safari. Mama Manka ataondoka na basi lake, na mimi nitabaki mpaka mwaka mwingine.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa jino. Sikutafuna mbele. Kisha sikutafuna kabisa. Uji nilikunywa, chai nilikunywa, mkate nilichovya mpaka unayeyuka. Muhogo sikugusa, mahindi ya kuchoma sikugusa, na mimi nilikuwa mtu wa mahindi hasa. Nilizungumza midomo imekaribiana. Tatu aliponichekesha niliziba mdomo kwa kiganja. Nililala chali, maana nilihisi nikilala kifudifudi mto utalisukuma. Jino lenyewe halikuwa na habari na mipango yangu, kila siku lilizidi kulegea, na damu kidogo niliimeza.

Jambo ambalo sikulifikiria ni Mama. Mtoto hali. Mtoto hasemi. Mtoto hacheki, analala chali macho juu kama maiti. Kwa mwanamke mwingine hayo ni mafua. Kwake yeye aliyekwisha kuona watatu wanaanza hivyo hivyo, kwa kukataa ziwa, ilikuwa ni kile kitu kimefika mlangoni. Foronya zikalala barazani hazijashonwa. Alinipikia kuku, nikanywa mchuzi. Alinunua tikitimaji, nikafyonza maji yake. Siku moja alinisogezea hindi la moto, lenye ndimu na pilipili, akaketi mbele yangu akaninyooshea. "Uma kidogo tu, we mtoto. Uma mara moja nikuone." Nikatikisa kichwa. Akaliweka chini. Akaenda kufunga dirisha, akarudi, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, akakiacha hapo muda mrefu sana. Nilitamani kumwambia. Nilikuwa na maneno yote mdomoni pamoja na lile jino, lakini nilijua nikifungua mdomo ataliona, na akiliona nimekwisha.

Jioni nilimsikia Bibi anasema, "Tusisubiri jino tena. Anatuponyoka huyu. Kesho asubuhi."

Kwa hiyo ule ujanja wangu ndio ulioniharakishia safari.

Asubuhi Mama aliniogesha kwa maji ya uvuguvugu na kunivalisha gauni la kijani ambalo sikujua lilishonwa lini. Viatu vipya vilikuwa na kifungo cha pembeni. Kwenye kikapu nikaona mchele, halua, na juu yake doti mpya ya kanga nyekundu na nyeusi, bado imeunganika, inanukia wanga. Mzigo wangu, nikasema moyoni. Nikatazama kama wameniwekea nguo nyingine, sikuziona, nikafikiri kumbe huko nitavaa masweta. Mama hakuwa amelala, macho yamevimba. Bibi alitangulia na kikapu. Tulitoka, na kwa mara ya kwanza nikiwa na akili zangu Mama alinishika mkono barabarani.

Mbele ya duka la Mama Manka kulikuwa na maboksi yamefungwa kamba, na mkokoteni unasubiri kuyapeleka kituo cha mabasi. Mama Manka mwenyewe alisimama mlangoni na kilemba kipya. Alinyoosha mikono yote miwili. "Ee, mtoto wangu amependeza. Njoo hapa. Si nilikuambia nitakupeleka Moshi, ukale ndizi na maziwa?" Alikuwa ananitania. Alinitania hivyo kila mwaka. Mwaka mmoja nilimuuliza watoto wakienda Moshi wanarudi lini, akacheka akasema wengine wanapapenda hawarudi.

Nilichomoa mkono wangu kwenye mkono wa Mama nikakimbia.

Sikujua naenda wapi. Niliingia Mtaa wa Congo, na nyinyi mnaujua Congo mwezi wa sikukuu, hakuna ardhi, kuna watu tu. Nilipita chini ya mizigo, kati ya miguu, nikakanyaga mashati ya mtu aliyeyatandaza chini akanitukana. Kiatu kimoja kipya kilichomoka. Nyuma nilisikia sauti ya Bibi, kisha sikuisikia. Nikajikwaa kwenye mguu wa meza, nikaanguka kidevu mbele, na mdomo wangu ukajaa kitu cha moto chenye ladha ya chumvi. Nilitema mkononi. Jino lilikuwa limelala kwenye damu, dogo, jeupe.

Nilitambaa chini ya meza hiyo hiyo, nyuma ya shuka lililoning'inia mpaka chini. Gauni lilikuwa na damu kifuani. Nilishika jino kwenye ngumi nikalia bila sauti. Nilikuwa na uhakika kwamba hii sasa ndiyo basi, jino limetoka lenyewe, hakuna wa kunitetea tena.

Mwenye meza alikuwa kijana muuza mashati mwenye kipaza sauti cha betri, anasema bei moja, bei moja, chagua mwenyewe. Kwa upenyo wa shuka niliona miguu yake, na miguu ya wanunuzi. Sijui nilikaa muda gani. Kisha nikaona miguu ninayoijua, ule wa kulia wenye sugu ya kukanyaga cherehani, umevaa kandambili, na wa kushoto mtupu.

"Kaka," Mama alisema. Hakuwa na pumzi. "Kaka, nisaidie. Kuna mtoto amepotea. Gauni la kijani."

"Mtoto wa nani?"

"Mtoto. Wa kike. Miaka saba."

"Nakuuliza wa nani, mama. Hapa kila siku wanapotea, na kila siku wanakuja kudaiwa na watu siyo wao. Nitangaze anatafutwa na nani?"

Mguu mtupu ukapanda juu ya ule wenye kandambili.

"Ni wako?"

Nilijua atakavyojibu. Mtoto wa humu ndani. Nililisubiri lile jibu nikiwa nimebana magoti. Miguu ya wanunuzi ikamgeukia.

"Mama, kama unaogopa kusema, mimi nitasemaje? Shika, sema mwenyewe."

Kwanza ilitoka pumzi. Niliisikia kwenye kile kipaza sauti, nzito, inakwenda na kurudi. Huyu ni mwanamke aliyefunga dirisha miaka saba ili anishike kichwa. Alijua, kwa imani yake yote, ni nani mwingine anayesikiliza. Halafu sauti yake ikatoka juu ya Mtaa wa Congo wote, juu ya bei moja na honi za daladala.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu amepotea. Amevaa gauni la kijani. Ni wangu mimi, nimemzaa mimi, mimi Zuhura wa Narung'ombe. Mwanangu, kama unanisikia toka hapo ulipo. Njoo kwa mama yako."

Nikatoka chini ya meza.

Aliponiona na damu kifuani alikaa chini pale pale, katikati ya watu, kipaza sauti kikagonga lami. Akanitazama kama mtu anayetazama kitu alichoambiwa kitatokea. "Nimeshakutaja," alisema. "Ya Rabi, nimeshakutaja, tayari damu." Mimi nikafungua ngumi nikamwonyesha. "Jino tu, mama," nikasema, na hewa ikapita kwenye pengo. "Jino tu. Nilikuwa naficha. Usinipeleke Moshi." Aliangalia lile jino. Aliniangalia mdomo. Siku zote zile za uji na mchuzi zikamwingia akilini moja baada ya nyingine, niliziona zinamwingia. Alinivuta akaniweka kifuani na damu yangu yote, akanibana mpaka nikashindwa kupumua, na muuza mashati akaokota kipaza sauti chake akatutangazia kwamba mtoto amepatikana, na bei ni ile ile.

Bibi alifika wa kwanza, anahema, kikapu kichwani. "Zuhura," alisema, na alikuwa na hofu ya kweli, si ya kugombeza. "Umemtaja mtoto hajakombolewa. Mbele ya Kariakoo nzima. Umefanya nini?"

"Nimemtaja," Mama akasema. "Kama kinakuja, kije kinichukue pamoja naye."

Nyuma ya Bibi alifika Mama Manka, kilemba kimeanguka shingoni. Alisikia yote, kila mtu alisikia. Alituangalia sisi wawili chini pale, akaniangalia kiatu kimoja, na niliona uso wake unabadilika. Sidhani kama kabla ya siku ile alijua. Alidhani anakataa dhambi. Hakujua miaka yote saba alikuwa anamzuia mwanamke mwenzake kumwita mtoto wake.

"Zuhura, lete hiyo kanga," alisema.

"Ulisema mtoto hauzwi."

"Na hauzwi. Simuuzi. Nilimwokota, nimempata mwenyewe, namrudisha. Lete kanga, kilemba changu kimechafuka."

Bibi alitoa ile doti kikapuni. Mama aliiuma pale inapoungana, akaichana kwa mikono mpaka mwisho, na mlio wake ninausikia mpaka leo. Nusu akampa Mama Manka. Nusu akanifunga mimi juu ya gauni lenye damu. Mama Manka akaichukua, akaikunja, hakuivaa. Akaniinamia. "Haya, mtoto wa Zuhura," akasema. Saa mbili baadaye basi lake liliondoka, bila mimi.

Msifikiri hofu iliishia hapo. Majuma mengi baada ya siku ile Mama alilala mguu wake umegusa wangu, na nikikohoa anaketi. Alihesabu siku kwenye ukuta kwa chaki ya cherehani, mpaka arobaini, kana kwamba nimezaliwa upya. Jino alilirusha mwenyewe juu ya bati. Siku ya arobaini na moja alifuta ule ukuta, akatoka barazani, na mteja alipomwita Zuhura akamrekebisha. "Mama Siwangu," alisema. Na yeye ambaye sasa alikubali kuitwa kwa jina langu, mwenyewe hakuniita jina hilo hata siku moja. Dunia nzima ilibaki na Siwangu, yeye alibaki na mwanangu, kutoka asubuhi mpaka jioni, hata nilipokuwa kidato cha nne na naona aibu mbele ya wenzangu.

Sasa nifike kwenye ule mfuko wa nailoni. Mimi nimesoma, nafanya kazi maabara, na vile vitoto vitatu vya Mama nina makisio yangu vilikufa kwa nini. Lakini kabla ya mtoto huyu aliyelala hapa nimezika wawili. Huyu ana wiki tano. Tunakaa ghorofa ya nne, hapa hapa Kariakoo, na dirisha nimelifunga tangu tulipotoka hospitali. Mume wangu analalamika joto, namwambia ni vumbi. Fomu ya cheti iko mezani, mahali pa jina peupe, kila siku ananiuliza tuandike nini, na mimi kila siku namwambia kesho. Nimekuwa nikimwita "huyu mtoto". Mama yuko nami tangu nijifungue, anamwogesha, anamkanda. Ameona fomu, ameona dirisha. Nikimuuliza ananiambia, "Usiniulize mimi."

Manka alipoondoka, nilimwita Mama, nikamwonyesha kanga. Aliipokea, akapitisha kidole kwenye ule ubavu uliochanika. Alilia kidogo, akaomba Mungu amrehemu rafiki yake. Kisha akaketi kwenye kiti cha kona, kanga begani, akanitazama tu. Mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja yangu, ngumi zimefungwa. Niliogopa. Niseme ukweli, na elimu yangu yote, niliogopa. Niliinuka naye, nikaenda dirishani, nikalifungua. Kelele za Kariakoo zikaingia zote kwa pamoja, za wauza nguo na vipaza sauti vyao.

"Mwanangu," nikasema. Sikunong'ona. "Mwanangu."

Mama akainuka. Nilidhani anakuja kulifunga. Akanipita, akafungua na la pili.